Chuo cha Picha na Sahihi ya Mama

Wadogo zangu, msimu wa barua za vyuo ukifika simu yangu hailali. Safari hii wengi mmeuliza jambo ambalo sikulitegemea: kusomea upigaji picha. Si uuguzi, si kompyuta, si uhasibu. Picha. Moyo umefurahi, kwa kweli, maana vijana wetu wa huku Marekani walizoea kujiandikisha uuguzi ili baba apumue, wakifika mwaka wa pili wanaacha kimyakimya na deni wanalo.

Nianze na barua ya binti wa Louisville, Kentucky, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwa utaratibu kuliko zote. Familia yake ilitoka Bukavu, wakapitia kambini, sasa wana kadi za kijani. Amekubaliwa vyuo viwili: chuo binafsi cha sanaa jijini New York, na Western Kentucky University pale Bowling Green, chini ya saa mbili kwa gari kutoka kwao. Akafungua College Scorecard, akachukua daftari, akapanga vyuo vyote vyenye kozi ya picha kuanzia kile ambacho wahitimu wake wanapata zaidi mpaka cha chini kabisa. Cha New York kimekaa juu. Mama anasema yuko tayari kutia sahihi ya mkopo. Baba anasema picha si kazi. Binti anauliza: “Dada, nifuate daftari au nimsikilize baba?”

Subiri kwanza. Tulisome hilo daftari pamoja.

Umefanya vizuri kwenda Scorecard badala ya kuamini vipeperushi vyenye vijana wanaocheka na kamera shingoni. Ni ya Wizara ya Elimu ya Marekani, ilianza 2013, na tangu 2019 inaonyesha mapato kozi kwa kozi, si ya chuo kizima tu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba hayo mapato hayatoki mdomoni mwa chuo. Yanatoka kwenye kumbukumbu za kodi. Ukitaka kujua hilo lina thamani gani, kumbuka The Art Institutes, ule mtandao wa vyuo vya kibiashara uliofunga milango Septemba 2023. Mei 2024 serikali ilitangaza kufuta mikopo ya zaidi ya dola bilioni 6 kwa watu wapatao 317,000 waliosoma humo, baada ya kuona kwamba wanafunzi walidanganywa kuhusu ajira na mishahara. Kwenye hesabu za mishahara ya wahitimu walikuwa wamechomeka mapato ya Serena Williams. Ndiyo, huyohuyo mcheza tenisi, ambaye aliwahi kusoma mitindo kwao. Wastani ukapaa, watoto wa watu wakakopa.

Scorecard haichezewi hivyo kwa sababu haitumii wastani. Inawapanga wahitimu mstari mmoja, anayepata kidogo mbele, anayepata zaidi nyuma, kisha inamtazama yule aliyesimama katikati. Serena akijiunga na mstari, wa katikati hasogei. Kwa hiyo namba uliyoiandika si ya uongo. Shida ni kwamba haisemi unachodhani inasema.

Angalia jina la kozi lililoandikwa juu ya ile namba. Halikuandikwa picha peke yake. Serikali hupanga kozi zote za nchi kwa namba maalumu zinazoitwa CIP, na Scorecard inasoma tarakimu nne za kwanza tu. Kwa tarakimu hizo nne, picha za sanaa zinaingia kapu la 50.06 pamoja na filamu na video. Picha za biashara, za matangazo na bidhaa, zinaingia 50.04 pamoja na wabunifu wa michoro, wa mavazi na wa mapambo ya nyumba. Picha za habari zinaingia 09.04, kapu la waandishi wa habari. Ufundi mmoja, makapu matatu. Chuo chenye wanafunzi 150 wa filamu na 15 wa picha kitakuonyesha mapato ya watu wa filamu, wewe uyaandike daftarini ukidhani ni ya wapiga picha. Na kozi ya picha iliyoko shule ya habari hutaiona kabisa ukitafuta upande wa sanaa. Kabla ya kulinganisha chuo na chuo, mwulize ofisa wa udahili namba kamili ya CIP ya kozi yako. Ni swali la kawaida, analo jibu.

Halafu ujue nani amehesabiwa. Ni waliopata msaada wa serikali ya Marekani tu, yaani ruzuku ya Pell au mikopo ya serikali. Aliyelipiwa na wazazi matajiri hayumo. Mwanafunzi aliyekuja kwa viza kutoka Seoul au Lagos hayumo. Asiye na kipato chochote mwaka huo hayumo pia, na kozi yenye wahitimu wachache huachwa wazi ili watu wasitambulike. Hapo ndipo kozi nyingi ndogo nzuri za picha zinapopotelea. Ukiona nafasi tupu usidhani ni aibu wanaficha.

Na waliohesabiwa, wanafanya kazi gani? Kodi haisemi. Mhitimu wa picha anayepakia mizigo ghalani usiku amehesabiwa kama mhitimu wa picha. Kwa upande wa pili, yule aliyejiajiri huhesabiwa kile kilichobaki baada ya kutoa gharama. Tuseme ameingiza dola 45,000 kwa harusi za mwaka mzima, akanunua kamera na lenzi, akalipa bima, mafuta ya gari na msaidizi wake. Mbele ya kodi anaweza kuonekana ana 26,000. Wa ghalani atamzidi. Wapiga picha zaidi ya nusu nchini humu wamejiajiri, kwa hiyo hili si jambo dogo la pembeni.

Kisha New York yenyewe. Wahitimu wa vyuo vya New York wengi hubaki New York, na mshahara wa kule unapanda kwa sababu kila kitu kinapanda. Muulize yeyote anayelipa kodi ya chumba Brooklyn.

Kwa hiyo msimamo wangu nauweka mezani mapema. Katika kozi hii, tofauti ya mapato kati ya chuo na chuo ni ya kukisia, tofauti ya deni ni ya uhakika. Geuza daftari: panga vyuo kwa deni. Safu ya mapato ibaki ya kukushtua tu, pale utakapoona wahitimu wa kozi fulani wanapata chini ya mtu aliyeishia sekondari. Na hilo sasa lina meno, kwa sababu sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 inasema kozi ya shahada ya kwanza ambayo wahitimu wake, kwa miaka miwili kati ya mitatu, wanapata chini ya kijana wa jimbo hilo mwenye cheti cha sekondari pekee, itapoteza mikopo ya serikali. Kozi za sanaa zina sababu ya kuitazama sheria hiyo kwa jicho la wasiwasi. Uliza chuo kimejipangaje.

Sasa tuje kwenye deni, na hapa mdogo wangu nataka utulie.

Umeniandikia kwamba “madeni ya vyuo karibu yote yanafanana, kwa hiyo nimeangalia mapato tu”. Yanafanana, ndiyo, na unajua kwa nini? Mwanafunzi anayetegemea wazazi ana kikomo cha kukopa serikalini: dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 wa tatu na 7,500 wa nne. Jumlisha: 27,000. Chuo kiwe cha bei ya juu au ya chini, mwanafunzi hawezi kuvuka hapo kwa miaka minne, na Scorecard katika safu ya deni la wahitimu inaandika mikopo hiyo tu. Mikopo ya mzazi inawekwa kando. Mikopo ya benki haionekani kabisa. Ukiona chuo cha gharama kubwa mno na chuo cha jimbo vina madeni yanayokaribiana, usiseme cha gharama kina huruma. Uliza nani mwingine ametia sahihi.

Nimeitazama barua ya msaada wa masomo uliyonitumia, ile ya New York. Wameiandika kwa ustadi. Juu kuna ruzuku ya Pell, dola 7,395, hiyo hairudishwi. Chini yake ufadhili wa chuo wenye jina zuri la mtu aliyekufa zamani, nao haurudishwi, ila soma nyota ndogo: unategemea alama zako, na haupandi ada inapopanda. Mistari miwili inayofuata ni mikopo yako, 3,500 ambayo serikali inalipa riba yake ukiwa masomoni, na 2,000 ambayo riba inaanza kuhesabiwa tangu siku inapotoka. Halafu mstari wa mwisho, kwa herufi zilezile na rangi ileile kama wenzake wote: Parent PLUS, dola 19,000. Kisha jumla, na neno la kufurahisha kwamba ulichobakiwa kulipa ni sifuri.

Si sifuri. Ni dola 19,000 za mama yako, mwaka wa kwanza peke yake.

Parent PLUS ni mkopo wa serikali kwa mzazi. Serikali haimuulizi mama analipwa kiasi gani pale anapofanya kazi ya kutunza wazee. Inaangalia tu kama ana doa baya kwenye rekodi ya mikopo. Kwa hiyo kukubaliwa si dalili kwamba anauweza. Ukitoka, ada ya kuutoa inakatwa palepale, zaidi kidogo ya asilimia 4; katika 19,000 zinakwenda zaidi ya dola 800 kabla hata chuo hakijapokea. Riba ya mwaka wa masomo 2025-26 ilikuwa asilimia 8.94, wakati yako wewe mwanafunzi ilikuwa 6.39. Na deni ni lake kisheria. Unaweza kuahidi kumlipia, na najua utaahidi kwa machozi, lakini jina lako haliwezi kuandikwa pale badala ya lake.

Kuna jambo jingine ambalo barua haikukuambia. Sheria hiyohiyo ya 2025 imeweka kikomo kipya kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026: mzazi hatapewa zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka, na 65,000 kwa mtoto mmoja maisha yake yote ya shahada ya kwanza. Chukua kalamu. Mara tatu 19,000 ni 57,000. Mwaka wa nne mama atakuwa amebakiwa na 8,000, na pengo ni 11,000, hata kama ada haitapanda senti moja, nayo itapanda. Utakuwa mwaka wa mwisho, maonyesho ya kuhitimu yanakaribia, unatafuta 11,000. Hapo ndipo mikopo ya benki inapobisha hodi, na benki itataka mtu mwingine mwenye rekodi nzuri asaini nawe. Atakuwa nani? Mjomba? Mchungaji?

Tumalize hesabu. Deni lako la 27,000 kwa miaka kumi na riba hiyo ya 6.39 ni kama dola 305 kwa mwezi. Deni la mama la 65,000 kwa riba ya 8.94 ni kama 820 kwa mwezi, bila ya riba iliyojikusanya ukiwa chuoni. Pamoja ni 1,125. Sasa weka upande wa pili: kwa takwimu za 2024 za Ofisi ya Takwimu za Kazi, mpiga picha wa katikati aliyeajiriwa anapata kama dola 20 kwa saa, tuseme 3,500 kwa mwezi kabla ya kodi. Karibu theluthi nzima inakwenda kwenye deni kabla hujala, hujalipa pango, hujamtumia bibi chochote Bukavu. Na huyo ni wa katikati, si anayeanza.

Ofisi hiyohiyo inasema kiwango cha elimu kinachohitajika kuingia kwenye kazi hii kwa kawaida ni sekondari. Sisemi usiende chuo. Mimi ninaheshimu chuo cha picha: miaka ya kukosolewa na watu wanaojua, taa na studio usizoweza kununua, wenzako wanaokusukuma. Ila mteja hatakuuliza shahada. Atataka kuona kazi zako.

Na hao wateja niwaseme kidogo, maana wengi wenu mtaanzia kwao. Mtazame mpiga picha wa harusi zetu pale Columbus, Ohio. Jumamosi anaanza saa nne asubuhi kwa bibi harusi anayesukwa, anamaliza saa saba usiku baba wa bwana harusi akitaka picha moja tu ya mwisho na wajomba wote, na wajomba wako kumi na wawili na mmoja amekwenda msalani. Ana picha zaidi ya 2,000 kwenye memori kadi. Jumapili anazinakili kwenye diski mbili tofauti, kwa sababu harusi hairudiwi. Wiki nzima jioni anachagua, anarudisha rangi halisi ya ngozi zilizopakwa zambarau na taa za ukumbi, anafuta kamba ya umeme iliyopita nyuma ya keki. Jumanne shangazi yuko WhatsApp: “Mwanangu, picha bado?” Ni chuo gani kinafundisha kumwambia shangazi kwa adabu kwamba mkataba unasema wiki sita? Ni chuo gani kinafundisha kwamba anayejiajiri anajilipia kodi ya asilimia 15.3 ya hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni juu ya kodi ya mapato, na kwamba hulipwa kila robo ya mwaka, si mara moja Aprili?

Vipo vinavyofundisha. Hilo ndilo swali la siku ya kutembelea chuo: somo la biashara lipo, na ni la lazima? Kianzio, mkataba, hakimiliki, bei. Nenda pia kwenye dirisha la kuazimia vifaa. Usisikilize anayekutembeza, simama pale dakika chache uone wanafunzi wanaazima nini, kwa siku ngapi, na orodha ya wanaosubiri ina urefu gani. Chuo kinachoazimisha kamera nzuri, lenzi na taa kinakuokolea maelfu ya dola; kinachokutaka uje na vyako kimekuongezea deni ambalo halimo kwenye barua. Halafu omba majina ya magazeti, studio na kampuni walikoajiriwa wahitimu wa miaka mitatu iliyopita. Kama wanakutajia mtu mmoja maarufu aliyemaliza 1998, umeshajibiwa.

Chunguza pia kama chuo chenyewe kitakuwepo. Nasema kwa uzito, kwa sababu vyuo vya sanaa vinakufa. Brooks Institute ya California, jina kubwa la picha tangu 1945, ilifunga 2016. San Francisco Art Institute, ambako mpiga picha mashuhuri Ansel Adams alianzisha idara ya picha katikati ya miaka ya 1940, ilifunga 2022. University of the Arts ya Philadelphia ilifunga Juni 2024, wanafunzi wakapata taarifa wiki moja tu kabla. Chuo kikifa ukiwa ndani, mikopo ya serikali inaweza kufutwa kwa masharti, ya benki ni habari nyingine, na masomo uliyosoma huenda chuo kingine kisiyakubali yote. Chuo kidogo binafsi ambacho idadi ya wanafunzi inashuka kila mwaka kinastahili maswali magumu.

Sasa Bowling Green. Wewe umeiandika namba mbili kana kwamba ni ya kujifariji. Mdogo wangu, upande wa picha za habari Western Kentucky ni jina linaloheshimiwa nchi nzima. Wanafunzi wake wameshinda mara nyingi mashindano ya Hearst, ambayo ndiyo makubwa kwa wanafunzi wa uandishi wa habari Marekani. Wahariri wanaijua. Na una kitu mfukoni ambacho hukukitaja hata mstari mmoja: KEES. Kila mwaka uliopata alama nzuri sekondari Kentucky, jimbo lilikuwekea fedha, nazo kwa kawaida zinatumika kwenye vyuo vya Kentucky. Ukienda New York zinabaki nyuma. Jumlisha Pell, KEES, ada ya mkazi wa jimbo, na utahitaji kukopa kwa ajili ya chumba na chakula, pengine ndani ya mikopo yako mwenyewe, mama asiguse kalamu. Tena Bowling Green ina jamaa zetu wengi wa Kongo. Hutakosa sombe, na hutakosa watu wa kuwapiga picha ambao mwandishi mwingine wa darasa lako hatafunguliwa mlango wao.

New York haiondoki. Kuna watu wanaokwenda kule baada ya shahada, bila deni la mama, wanafanya usaidizi studio mwaka mmoja, wanajifunza zaidi kuliko waliolipa.

Kama bado roho yako iko kule, kabla ya kukataa piga simu ofisi ya msaada wa masomo, uombe wapitie upya ufadhili wako. Eleza mabadiliko ya kipato cha nyumbani, wapelekee karatasi, waonyeshe barua ya chuo kingine. Vyuo binafsi hupunguza bei kuliko watu wanavyodhani. Mimi ningekubali New York siku ule mstari wa Parent PLUS ukifutwa, si kupunguzwa.

Kwa ninyi mlioniuliza kuhusu riba: mimi si sheikh, na sitajifanya. Lakini kwa hesabu, njia ya kusoma picha bila mkopo wenye riba ipo, nayo ni chuo cha jamii. California, kwa mfano, mkazi wa jimbo hulipa dola 46 kwa yuniti moja, na yuniti 60 za miaka miwili ni 2,760. Santa Monica College ina kozi ya picha yenye sifa. North Carolina, Randolph Community College ya Asheboro imefundisha wapiga picha wa biashara miaka mingi. Mwenye Pell kamili anaweza kulipa ada yote ya chuo cha namna hiyo na ikabaki ya kununua lenzi. Ukitaka shahada baadaye, pata kwa maandishi orodha ya masomo yatakayopokelewa na chuo cha miaka minne kabla hujasoma hata moja. Na mjue kwamba wakimbizi waliopokelewa, waliopewa hifadhi na wenye kadi za kijani wanajaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali, kama raia. Ambaye ombi lake la hifadhi bado linasubiri, bado hawezi.

Baba je? Usibishane naye kwa majina. Najua utataka kumtajia Mohamed Amin, kijana aliyekulia Dar es Salaam, akaanzisha kampuni ya picha ya Camerapix 1963, na picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zikaitikisa dunia. Au Gordon Parks, aliyenunua kamera yake ya kwanza kwenye duka la rehani na kuishia jarida la Life. Baba atakujibu, kwa haki kabisa, kwamba hao ni Serena Williams wa hesabu yako. Mpelekee karatasi moja: gharama kamili ya miaka minne, nani anadaiwa nini mwishoni, malipo ya kila mwezi. Mwonyeshe kwamba jina la mama halimo. Wazazi wetu wengi hawachukii picha, wanaogopa deni wasilolielewa kwa lugha wasiyoisoma vizuri. Akiuliza “utakula nini?”, mwambie umeshafanya kazi ngapi za kulipwa mpaka sasa na kwa shilingi, samahani, kwa dola ngapi. Kama jibu ni hakuna, basi kabla ya Agosti tafuta sherehe mbili za ubatizo na send-off moja.

Mwisho kaka yetu wa Mombasa, anayetaka kuja kusoma picha New York mwakani. Daftari lote hili la mapato halikuhusu, kwa sababu wanafunzi wa viza hawamo kwenye takwimu. Hupati Pell, hupati mkopo wa serikali, na ili chuo kikupe fomu ya I-20 ya kuombea viza lazima uonyeshe fedha za mwaka wa kwanza mzima. Ukimaliza, kwa kawaida unaruhusiwa kufanya kazi ya fani yako miezi 12, kisha utafute mwajiri wa kukuombea viza, na mpiga picha anayejitegemea hana mwajiri. Kabla hujauza kiwanja, angalia Market Photo Workshop ya Johannesburg, iliyoanzishwa na mpiga picha David Goldblatt mwaka 1989. Imetoa wapiga picha ambao hao hao wa New York wanawaita. Barua yako nitaijibu kwa kirefu toleo lijalo, na usiwatumie bado zile dola za kushikilia nafasi. Nyingi hazirudishwi.